Stephan Schröck: kiungo aliyetoka Bundesliga akaenda kucheza nchi ya mama yake

nahodha_wa_pwani (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nimekuwa nikiahidi kuuleta uzi huu tangu Januari 2019, na kila nikikaa kuuandika kazi inanivuta. Leo niko mapumzikoni, nimejipikia chai ya tangawizi, nitaandika mpaka niumalize.

Wengi wetu tukisikia Ufilipino tunawaza manesi, mabaharia na wahudumu wa hoteli. Kwenye michezo tunawaza ngumi. Soka hatuiwazi, na si kosa letu, kwa sababu kule kwao penyewe mchezo mkubwa ni mpira wa kikapu. Kila kona kuna goli la kikapu limepigiliwa kwenye mnazi au nguzo ya umeme. Sasa katikati ya nchi kama hiyo nataka niwaeleze habari za kiungo mmoja, Stephan Schröck, na kwa nini mimi namweka juu kuliko viungo kadhaa wenye makombe kabatini.

Kwanza niwaambie nilivyomjua. Nilikuwa nafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja hapa Dubai. Kati ya wenzangu wa zamu, zaidi ya nusu walikuwa Wafilipino. Mmoja wao, mtu mzima, fundi wa kukata samaki, ndiye aliyenifundisha kazi nilipofika sijui hata kushika kisu cha minofu. Mwezi ule Kombe la Asia lilikuwa linachezwa hapa Emirati, na Ufilipino ilikuwa imefuzu kwa mara ya kwanza katika historia yake. Jamaa alikusanya siku zake za mapumziko mwezi mzima ili apate jioni moja tu. Tarehe 16 Januari akaninunulia tiketi, tukaenda uwanja wa Rashid kuangalia Ufilipino na Kirgizistani.

Mechi yenyewe ilikuwa chungu. Mshambuliaji wa Kirgizistani, Vitalij Lux, alifunga la kwanza, akafunga la pili, dakika ya 77 akafunga la tatu. Hat-trick. Ufilipino ilishafungwa na Korea Kusini 1-0 na China 3-0, na mpaka hapo haikuwa na bao hata moja kwenye mashindano yote. Nikamtazama mwenzangu, nikadhani ataniambia tuondoke tuwahi basi. Hakusogea.

Dakika ya 80, Schröck akafunga.

Jamani. Nimekaa uwanja wa Mkapa siku za watani wa jadi, najua kelele ni nini. Lakini ile ilikuwa tofauti. Watu wako nyuma mabao matatu, zimebaki dakika kumi, na dada aliyekaa mbele yetu na sare yake ya kazi chini ya koti analia machozi kabisa. Mwenzangu amenishika bega, anatetemeka. Lilikuwa bao la kwanza la Ufilipino kwenye Kombe la Asia tangu dunia iumbwe, na mfungaji alikuwa nahodha, ana miaka 32, mfupi, kichwa chini, anakimbia kuuchukua mpira wavuni aurudishe katikati.

Usiku ule sikulala. Nilianza kumsoma huyu mtu. Nakuja na sehemu ya pili, ngoja nijaze kikombe.

nahodha_wa_pwani

Naendelea.

Schröck alizaliwa Agosti 1986 mjini Schweinfurt, Bavaria. Baba Mjerumani, mama Mfilipino. Alipofika umri wa miaka 15 hivi alichukuliwa na Greuther Fürth, klabu ya mji mdogo jirani kabisa na Nürnberg, na hapo ndipo alipokulia kisoka. Akachezea timu za vijana za Ujerumani. Kwa hiyo tusimchukulie kama mtu aliyekosa pa kwenda. Alikuwa kwenye mstari uleule wanaopitia vijana wote wa Kijerumani wanaotazamiwa.

Uwanjani alikuwa mchezaji wa kumpanga popote upande wa kulia: kiungo wa pembeni, kiungo wa kati, akihitajika anarudi beki. Kimo chake hakifiki hata mabegani mwa mabeki wengi wa Ujerumani, lakini ana mapafu ya punda na mguu mwepesi wa kugeuka na mpira. Ni aina ya mchezaji ambaye kocha anampenda na gazeti linamsahau.

Fürth ilikuwa na sifa moja ya kuumiza: miaka nenda rudi inamaliza ligi daraja la pili jirani na nafasi za kupanda, halafu haipandi. Mwaka 2012 mkosi ukavunjika. Wakachukua ubingwa wa daraja la pili chini ya kocha Mike Büskens, wakapanda Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, kwa mara ya kwanza. Msimu uleule walifika nusu fainali ya Kombe la Ujerumani dhidi ya Dortmund, na nusu fainali hiyo lazima niisimulie kwa sababu sijawahi kuona ukatili wa mpira kama ule. Bila bila mpaka mwisho wa dakika za nyongeza. Kocha wa Fürth anamtoa kipa wake, anamuingiza kipa wa akiba Jasmin Fejzić kwa ajili ya penalti tu. Kabla penalti hazijafika, İlkay Gündoğan anaachia shuti, linagonga mwamba, linarudi, linampiga Fejzić mgongoni na kuingia. Dakika ya 120. Mtu ameingizwa kwa kazi moja, hata hiyo kazi hajaianza.

Basi Fürth imepanda, mji mzima unasherehekea, na Schröck hakwenda nayo. Alikuwa ameshasaini Hoffenheim. Fürth wakaenda Bundesliga bila yeye na wakashuka wakiwa timu ya kwanza katika historia ya ligi ile kumaliza msimu bila kushinda hata mechi moja nyumbani. Yeye Hoffenheim nako hakukuta asali. Alikuwa kikosi kimoja na Roberto Firmino, huyohuyo wa Liverpool baadaye, lakini timu ilikuwa inazama. Siku ya mwisho ya msimu waliponea Dortmund kwa penalti mbili za Sejad Salihović, ya pili ikiwa golini kasimama Kevin Großkreutz, mchezaji wa ndani, kwa sababu kipa Weidenfeller alishapewa kadi nyekundu. Wakaenda mchujo na Kaiserslautern, wakabaki.

Msimu uliofuata akahamia Eintracht Frankfurt, ambao mwaka ule walikuwa Europa League, kombe la pili la klabu za Ulaya, wakafika mtoano, wakatolewa na Porto kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Halafu 2014 akarudi Fürth.

Hapa ndipo watu wengi wanapofunga faili lake: "alifika juu, hakudumu." Mimi nasema faili ndiyo kwanza linafunguliwa.

kiungo_punda

Mkuu, uzi mzuri, nimeusoma nikiwa kwenye foleni ya benki mpaka nikapitwa na namba yangu. Swali: kama alichezea vijana wa Ujerumani, Ufilipino waliruhusiwaje kumchukua? Nilikuwa najua ukishavaa jezi ya nchi moja umefungwa.

nahodha_wa_pwani

Kaka, umeuliza swali la msingi. Zamani FIFA walikuwa na kikomo cha umri: aliyechezea timu za vijana za nchi moja alitakiwa kubadili kabla hajafikisha miaka 21. Mwaka 2009 kwenye mkutano wao mkuu wakakiondoa kikomo hicho. Schröck wakati huo alikuwa ameshavuka umri. Bila kikao kile, hadithi hii isingekuwepo. Mwaka 2011 akavaa jezi ya Ufilipino.

Na mwaka huohuo alifanya jambo ambalo mwenzangu wa jikoni mpaka leo akilisimulia anasimama. Ni mchujo wa kwenda Kombe la Dunia 2014. Wamefungwa Kuwait 3-0 ugenini. Marudiano ni Manila tarehe 28 Julai, uwanja wa Rizal Memorial, uwanja mkongwe, umejaa mpaka pomoni. Kipindi cha kwanza kinakwisha, Schröck anaupata mpira nje ya boksi, anaachia mkwaju, nyavu. Kwa muda wa mapumziko nchi nzima ikaamini. Kipindi cha pili Kuwait wakarudisha, wakaongeza, ikaisha 2-1. Walitolewa. Lakini kwa nchi ambayo miaka michache nyuma timu yake ya taifa haikuwa inajaza hata jukwaa moja, kumuona mtu anayelipwa mshahara Ujerumani anawafungia vile ilikuwa habari kubwa.

mzee_wa_nusu_uwanja

Ndugu mleta uzi, nakuheshimu ila hapa nitakupinga. Mnawatukuza hawa wa damu mchanganyiko kama kwamba wenyeji hawakuwepo. Hata kwetu mjadala huu upo, kila tukifungwa watu wanataka waletwe vijana waliozaliwa Ulaya. Hao waliozaliwa palepale Ufilipino, waliokula vumbi la nyumbani, wako wapi kwenye hadithi yako?

nahodha_wa_pwani

Mzee wangu, shikamoo. Hoja yako ni nzito na nilikuwa nimepanga kuifikia, umenitangulia tu.

Timu ya taifa ya Ufilipino miaka hiyo ilikuwa inaitwa Azkals. Neno limetokana na asong kalye, mbwa wa mitaani, yaani kile sisi tunachokiita mbwa koko. Mbwa mwenyewe ni wa mchanganyiko, hana ukoo, lakini hafi njaa. Mashabiki walilichagua wakijua wanachosema, kwa sababu timu ilikuwa mchanganyiko kwelikweli. Walikuwepo ndugu wawili, James na Phil Younghusband, waliolelewa kwenye akademi ya Chelsea, ambao habari zao inasimuliwa zilifika kwa shirikisho kupitia kijana mcheza gemu ya kompyuta aliyeona kwamba mama yao ni Mfilipino. Na walikuwepo wenyeji, na juu yao wote namuweka Emelio Caligdong, wanamuita Chieffy.

Caligdong katoka Barotac Nuevo, mji mdogo mkoani Iloilo. Katika nchi ya kikapu, Barotac Nuevo ndiyo mahali ambapo mtoto akipewa pesa ya sikukuu ananunua mpira wa miguu. Mkoa huohuo wa Iloilo ndiko alikozaliwa Paulino Alcántara mwaka 1896, aliyekuja kufunga mabao kwa mamia Barcelona. Caligdong hakwenda Barcelona. Aliingia Jeshi la Anga akachezea timu ya jeshi. Winga wa kushoto, kasi, mguu mmoja wa hatari.

Februari 2011, uwanja wa Panaad, Bacolod, Ufilipino na Mongolia. Ni mechi ya kwanza nyumbani baada ya mwaka 2010 kuwafunga Vietnam 2-0 palepale Hanoi kwenye kombe la Kusini-Mashariki mwa Asia, ushindi ulioishtua Asia. Caligdong akafunga la kwanza. Julai mwaka huohuo, Sri Lanka wanapigwa 4-0 Manila: la kwanza, Caligdong. Novemba 2012, Bangkok, Vietnam tena, dakika za lala salama bila bila: Caligdong, 1-0.

Kwa hiyo mzee, siyo kwamba wageni walikuja wakawafuta wenyeji. Walikutana. Na nitakuongezea jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike uzi huu. Wengi wa hawa waliozaliwa Ulaya walikuwa wakija wiki ya mechi, wanacheza, wanapanda ndege. Kombe la Kusini-Mashariki mwa Asia halimo kwenye kalenda ya FIFA, klabu za Ulaya hazilazimiki kumwachia mchezaji. Nusu ya timu inabaki Ulaya, wenyeji wanabaki kubeba. Schröck alitatua shida hiyo kwa njia ambayo si wengi wa kiwango chake walikuwa tayari kuifuata: alihamia.

dada_wa_muscat

Mimi niko Muscat, mpira siufuatilii sana lakini kabayan wangu hapa kazini, yaani Mfilipino ninayefanya naye kazi, nimempelekea uzi, nikamtafsiria hiyo sehemu ya Kuwait. Akacheka kwanza halafu akanyamaza. Ameniambia alikuwa Manila siku ile, nje ya uwanja, hakupata tiketi, alisikia kelele tu za lile bao. Endelea kaka, huku kuna watu wawili wanasubiri.

nahodha_wa_pwani

Dada yangu, asante sana, mpe salamu zangu. Nimefurahi kuliko unavyodhani.

Naendelea na Bacolod.

Mwaka 2016, akiwa bado hajatimiza miaka 30, Schröck akaacha Ujerumani akasaini klabu ya Ceres. Jina hilo ni la kampuni ya mabasi, mabasi ya njano yanayokatiza kisiwa cha Negros, kisiwa cha miwa. Mmiliki wa klabu alitoka kwenye familia ya mabasi hayo, na mashabiki waliiita timu kwa jina hilohilo la watu wa mabasi. Uwanja ni uleule wa Panaad: una njia ya kukimbilia riadha kuuzunguka, na nje yake ni bustani yenye miti. Toka kwenye viwanja vya Bundesliga vya watu elfu hamsini, njoo hapo, jua la saa kumi, joto la pwani, nyasi zinazonyonya mpira baada ya mvua. Mnaoishi Tanga au Mombasa mnalijua hilo joto. Si joto la kwenda kupumzika.

Na hakwenda kupumzika. Ligi ya kulipwa ya nchi nzima ilianza rasmi 2017, Ceres wakaichukua. Wakaichukua 2018. Wakaichukua 2019. Mwaka 2020, mmiliki akaiuza klabu wakati wa korona, ikabadilishwa jina ikawa United City, wakaichukua tena. Mwaka 2017 walikuwa mabingwa wa kanda ya Kusini-Mashariki mwa Asia katika Kombe la AFC, kombe la pili la klabu za Asia, wakiwatoa Home United wa Singapore kwenye fainali ya kanda. Januari 2018, kwenye mchujo wa Ligi ya Mabingwa Asia, wakaenda Australia wakawafunga Brisbane Roar 3-2 kwao. Klabu ya kisiwa cha miwa inashinda Brisbane! Hatua iliyofuata walitolewa na Tianjin Quanjian ya China, lakini mlango ulikuwa umeshatikiswa, na 2021 klabu hiyo, ikiwa na jina jipya, ikawa moja ya klabu mbili za kwanza za Ufilipino kucheza makundi ya Ligi ya Mabingwa Asia.

Sasa nawaomba mtazame faida yake kwa timu ya taifa. Nahodha yupo nchini. Anacheza kila wiki na vijana walewale atakaowaongoza. Kijana wa Iloilo au wa Negros anamkuta mazoezini, anaona mtu aliyecheza Bundesliga anavyokaa kabla ya kupokea pasi, anavyogeuza bega kuangalia nyuma kwanza. Hilo huwezi kulifundisha kwa wiki moja ya kambi.

Machi 2018, mechi ya mwisho ya kufuzu, Rizal Memorial, dhidi ya Tajikistani. Wageni wanatangulia kwa penalti. Kevin Ingreso anasawazisha. Dakika za mwisho Phil Younghusband anafunga penalti, bao lake la 50 kwa taifa, 2-1, na Ufilipino inakwenda Kombe la Asia. Mwisho wa mwaka huo Sven-Göran Eriksson anakuja kuwa kocha, wanafika nusu fainali ya lile kombe la Kusini-Mashariki mwa Asia, wanafungwa na Vietnam 2-1 nje ndani. Halafu Januari, Emirati. Kipa wao mkubwa Neil Etheridge hayupo, amebaki Cardiff kwenye Ligi Kuu ya Uingereza. Na hata hivyo Korea Kusini waliteseka nao mpaka dakika ya 67 ndipo Hwang Ui-jo akapata bao.

kiungo_punda

Mkuu naomba nikubane kidogo. Mechi tatu, wamefungwa zote, bao moja. Mtu anaweza kusema mafanikio gani hayo? Unamlinganishaje na viungo wenye makombe?

nahodha_wa_pwani

Kaka, simlinganishi kwa makombe. Makombe ya Ufilipino anayo ya kutosha na bado si hayo ninayoyahesabu.

Ninachohesabu ni hiki. Alikuwa na umri ambao kiungo anavuna. Angeweza kubaki daraja la pili Ujerumani miaka mitano zaidi, mshahara mzuri, hospitali nzuri. Jina lake Manila lingebaki lilelile, la mgeni anayekuja na kuondoka, na watu wangempigia makofi tu. Akachagua kuishi na kile alichokuwa anakiwakilisha. Timu za Asia zilizowafunga zilikuwa na vizazi vingi vya ligi imara nyuma yao. Ya Ufilipino ilikuwa na miaka miwili.

Na wewe na mzee wa nusu uwanja mnaouliza kuhusu vijana wetu wa Ulaya: waje, mimi sina kinyongo nao. Ila nikisikia mmoja amesaini klabu ya Bara au Zanzibar akiwa na miaka 29, anacheza mechi ya saa kumi jua kali mkoani, siku hiyo nitafungua uzi mwingine mrefu kuliko huu.

mzee_wa_nusu_uwanja

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye kuhamia umenishika. Huyo Caligdong nitamtafuta, nimempenda bila kumuona. Sasa umetuacha uwanjani. Yule mwenzako wa samaki mlirudije siku ile?

nahodha_wa_pwani

Tulirudi kwa metro, mzee. Mabehewa yamejaa bendera, watu wanaimba, mtu asiyejua matokeo angedhani wametwaa kombe. Tulikuwa na zamu ya usiku, tukafika tumechelewa dakika ishirini, tukavaa aproni mbio mbio. Mpishi mkuu, mtu wa Misri, mpenda mpira, hakutugombeza. Akamuuliza mwenzangu matokeo.

Jamaa alikuwa ameshachukua kisu, samaki aina ya hamuri yuko mbele yake ubaoni. Akajibu bila kuinua kichwa: "Tumefunga."

Yule Mmisri akasubiri aambiwe mengine. Hakuambiwa, na mimi nami nikanyamaza, nikaanza kumenya vitunguu.